Maji Yanayopita Mlangoni

Mukuyuni,
Jumapili alasiri.

Kwako Kavata, binti yangu mwenye jina la mama yangu,

Sanduku lako lilifungwa tangu asubuhi, na mama yako amekwisha kulifungua mara tatu kuhakikisha kwamba hakuna kitu kilichotoka chenyewe. Habari za sabuni, za sare, za kufua soksi kila jioni na za kutoazima kijiko chako, zote amekueleza, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuziandika. Sitazirudia. Nimekuja kukaa katika darasa la kidato cha pili, ambalo leo ni tupu, kwa sababu nyumbani kila anayepita hapo sebuleni huligusa sanduku lile kama mtu anayepima homa.

Nataka kukuandikia juu ya likizo. Najua ni jambo la ajabu kumwandikia mtoto habari za likizo siku moja kabla ya kwenda kuanza masomo. Lakini katika barua ya kukukaribisha shuleni iliambatanishwa fomu ya ziara ya kwenda Jinja, Uganda, mwezi wa Agosti. Uliiweka mezani pangu bila neno, ukaweka na kalamu juu yake. Siku kumi zimepita bila mimi kutia sahihi. Nadhani umehesabu kwamba ni gharama inayonizuia, ukanyamaza kwa adabu. Si gharama. Agosti hiyo hiyo nimekusudia kumpeleka Susu yako, mama yangu, Moshi, naye amekubali kwa sharti moja tu, kwamba uwe naye. Nitakueleza nimeamua nini kuhusu ile fomu. Kabla ya hapo yanipasa nikueleze ni kwa nini safari ya mwanamke mmoja mzee imenichukua miaka miwili kuipanga, mimi niliyepanga ile ya kwanza kwa juma moja.

Ulikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja nilipopata shahada. Nilikuwa nimeianza njia hiyo ukiwa mtoto wa kubebwa, mimi nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nikasoma kwa jioni na kwa likizo hadi mlango wa chuo kikuu ukafunguka. Niliporudi hapa kufundisha shule ya upili nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, tai mbili, na imani kubwa kwamba kila jambo duniani linaweza kupangwa likapangika. Sikuona aibu juu ya imani hiyo, na hata leo siioni kikamilifu. Ndiyo iliyotutoa tulikokuwa. Lakini ilikuwa imani ya mtu aliyejifunza kupanga akiwa peke yake chumbani, mahali ambapo kila kitu kilichokuwa juu ya meza kilikuwa chake.

Mwaka uliofuata, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja aliyetoka Nairobi alitusimulia jinsi familia yake ilivyokwenda ng'ambo likizo ya Agosti. Alisema neno "ng'ambo" kama mtu anayetafuna karanga. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua. Mpaka wa Tanzania, uliokuwa umefungwa kwa miaka, ulikuwa umekwisha kufunguliwa tena. Moshi haikuwa mbali kutoka kwetu kuliko Kisumu. Kwa nini tusiwe familia ya kwanza ya Mukuyuni kwenda nje ya nchi kwa sababu ya kupumzika tu, bila msiba, bila harusi na bila kutafuta kazi?

Nilipanga vizuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Niligundua mambo ambayo mpaka leo ningemshauri mtu yeyote mwenye watoto na mshahara mdogo. Niligundua kwamba makanisa yana nyumba za wageni safi ambazo hubaki tupu wanafunzi wa vyuo wanapokwenda kwao, na kwamba ukiandika barua mapema kwa lugha ya heshima unapewa chumba kimoja chenye vitanda vingi kwa bei ya chumba kidogo. Niligundua kwamba ukisafiri mchana hulipii malazi ya njiani, na kwamba watoto wenye mayai ya kuchemsha na chapati mkobani hawaoni hoteli ya stesheni hata ikiwa mbele ya macho yao. Nilijua chanjo huchomwa mapema, siyo wiki ya safari. Hilo nililijua kwa kuchelewa kidogo, ndiyo maana sote watano tulipanda basi Emali tukiwa na mkono mmoja umevimba, na mdogo wako wa mwisho akimlilia kila aliyempa mkono.

Nilichagua Desemba. Agosti nyumba ile ilikuwa imejaa, Desemba ilikuwa tupu. Kwenye karatasi ilionekana ni hekima. Nikaupiga mpango wote kwa taipureta ya shule, kurasa nne, nikausoma mbele yenu baada ya chai ya Jumapili, nimesimama.

Unakumbuka? Ulikuwa umekaa kwenye gunia la mahindi, miguu ikining'inia. Mama yako alikuwa akimsuka mdogo wa jirani. Susu alikuwa mlangoni na ungo wa kunde, akichagua mawe. Nilipomaliza kusoma, mama yako aliuliza jambo moja.

"Na mwethya?"

"Mwethya imeingiaje hapa, Syombua?"

"Wiki hizo mbili ndizo za palizi. Sisi wanawake tunapalilia kwa zamu: kwa kina Ndinda, halafu ng'ambo ya mto, halafu ndiyo zamu ya shamba letu."

"Nitaacha pesa za vibarua," nikasema. "Vibarua watatu watafanya kazi ya wanawake kumi."

Susu alicheka puani. "Hao vibarua umewaona wapi Desemba, mwanangu? Kila mtu yuko kwake anapalilia."

Nikasema hilo litatatuliwa. Nilikuwa nikilitumia sana neno hilo mwaka ule. Ndipo Susu akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo, "Huko Moshi ni wapi?"

"Moshi ni Tanzania, mwaitu."

"Najua Moshi ni Tanzania. Nimeuliza mtakaa wapi."

Nikamweleza habari za nyumba ya wageni ya kanisa. Kisha akauliza, "Vitanda ni vingapi?"

"Vitano," nikamjibu. "Tumetosha kabisa."

"Haya," akasema, akapepeta kunde zake.

Nimekuandikia maneno hayo kama yalivyosemwa kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko somo lolote nililowahi kusoma. Mtu aliniuliza idadi ya vitanda, nami nikampa idadi ya vitanda.

Sasa nikueleze jambo ambalo ulikuwa hulijui wakati ule, na ambalo mimi nilikuwa nalijua nusu. Baba yangu, babu yako, alifanya kazi miaka saba katika shamba la mkonge karibu na Moshi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Alirudi mara mbili tu, mara ya pili akiwa na kikohozi kilichomuua. Hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni barua. Alikuwa akimwandikisha barua karani wa kambi, na hapa kwetu mwalimu wa katekisimu akimsomea mama yangu. Katika barua moja alisema kwamba siku za mapumziko huenda kumtembelea rafiki yake huko juu mlimani, na kwamba huko watu wamechimba mifereji, na maji yanapita mlangoni mwa kila nyumba, usiku na mchana, hakuna mtu anayeyabeba. Akasema, njoo na mtoto uone, tunaweza kupewa kipande cha kulima. Mama yangu, ambaye siku ile barua ilipokuja alikuwa ametoka mtoni kwa safari ya pili na mtungi mgongoni, hakuamini hata neno moja. Alimwambia yule mwalimu wa katekisimu, "Huyu amepata mwanamke huko, sasa anatunga hadithi." Hakujibu. Palikuwa na palizi, palikuwa na mimi, palikuwa na mwethya. Hakwenda.

Hivyo katika nyumba yetu alikuwako mtu mmoja tu mwenye sababu ya kweli ya kwenda Moshi, naye ndiye niliyemwacha alinde kuku.

Safari yenyewe sitaki kuiharibu kwa majuto. Ilikuwa njema, na ningekuwa mwongo kama ningesema vinginevyo. Umewahi kumwona mama yako akicheka kama alivyocheka katika lile gari la moshi la kutoka Voi kwenda Taveta, lililokwenda polepole hata mdogo wako akauliza kama tunaweza kushuka tukalisukume? Pale mpakani, afisa alitazama picha yangu katika hati, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, hapa umekunja uso kama unatusahihishia mitihani." Wewe ulicheka mpaka ukakwama. Kisha ile nyumba ya wageni yenye sakafu nyekundu, na mapapai ambayo mlinzi alikataa tuyalipie, na mwalimu mmoja wa pale, niliyekuwa nimeandikiana naye barua, aliyetualika chakula cha mchana kwake huko juu migombani. Ulivua viatu ukaweka miguu katika mfereji uliopita mbele ya mlango wake. Mke wake alikuwa akiosha ndizi katika maji yale yale, hatua chache juu yako. Uliniuliza, "Baba, haya yanafungwa saa ngapi?" Wenyeji walicheka. Mimi nilieleza habari za mteremko na uzito wa maji, kwa sababu nilitaka mwenyeji ajue kwamba mgeni wake amesoma.

Hata pale sikumkumbuka baba yangu. Hicho ndicho kinachoniuma. Nilisimama kando ya mfereji wa barua ya baba yangu, nikafundisha fizikia.

Tulirudi siku ya kumi na mbili. Kuna jambo moja la mwethya ambalo mwanamume wa hapa anaweza kuishi miaka mingi bila kulijua, kwa sababu si yeye anayeamka kwenda. Jembe la nyumba likikosekana katika mashamba mawili ya wenzao, zamu ya nyumba hiyo inapita. Haiahirishwi. Wanawake hawaji kugomba wala kudai. Wanalipita tu shamba lako asubuhi na majembe begani, wanasalimu, wanaendelea. Jembe la nyumba yetu lilikuwa la mama yako, na mama yako alikuwa Moshi akila papai. Vibarua hawakupatikana, kama nilivyoambiwa. Bahasha niliyomwachia Mama Ndinda, mkuu wao, tuliikuta juu ya meza yetu, haijafunguliwa.

Susu alikuwa amepalilia peke yake siku nane. Magugu ya mwaka ule unayakumbuka, mvua ilikuwa nzuri, yalikuwa yamefika magotini. Tulipopita kwenye ukingo wa shamba na mizigo yetu tulimwona amepiga goti moja, analima kwa jembe lenye mpini uliokatwa, mguu wa kulia umenyooshwa kando kama si wake. Siku ya nne alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa tuta. Hakumwambia mtu. Kwa kuwa hakuweza tena kusimama na kuinama, alipata njia ya kulima akiwa chini.

Mimi niliweka sanduku chini nikaanza kusema. Sijui nilisema nini, nadhani niliuliza kwa nini hakutuma mtu. Wewe ulivuka magugu na ile nguo yako ya safari, ukachukua jembe mkononi mwake, ukaanza kulima pale alipoachia. Ulipolima hatua mbili tatu, kwa vile ulikuwa mtoto na ulikuwa umejaa safari, ukaanza kumsimulia. Gari la moshi. Papai. Afisa. Kisha ukasema, "Susu, kule maji yanapita mlangoni. Hayabebwi! Nimetia miguu."

Susu alikaa. Alikuwa amepiga goti, akakaa kabisa juu ya udongo, mguu mbele.

"Mlangoni kwa nani?" akauliza.

"Kwa kila mtu."

"Hata usiku?"

"Hata usiku. Nilimwuliza baba yanafungwa saa ngapi, wakanicheka."

Kisha akanitazama mimi, si wewe, akasema, "Basi hakunidanganya." Na pale, katikati ya magugu, nikasimuliwa habari za ile barua kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka thelathini na miwili na shahada moja.

Nyonga yake unajua ilivyokuwa. Daktari alisema haikuvunjika lakini haitarudi kama zamani, na kwamba kila mwaka itakuwa nzito kidogo kuliko mwaka uliopita. Ndiyo maana nasema Agosti, na si siku moja Mungu akipenda. Shamba lile lilitupa nusu ya gunia. Hilo tulilivumilia.

Nilikwenda kwa Mama Ndinda kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Alinisikiliza hadi mwisho akikamua mbuzi.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza, mama."

"Unazungumza vizuri sana. Likizo ya Aprili tunaanza palizi kwa mjane wa juu kule. Saa kumi na mbili. Njoo na jembe, hotuba uiache shuleni."

"Mimi mwenyewe? Syombua anaweza..."

"Syombua hana kosa. Alitaja zamu yenu, hukumsikia. Au kuna vibarua umewapata?"

Kwa hiyo likizo ile ya Aprili, ulipokuwa darasa la saba, niliposema nakwenda kwenye mambo ya shule, nilikuwa nakwenda kupalilia na wanawake kumi na wanne. Ulikuja kujua siku ya tatu, kwa sababu kijiji kizima kilijua siku ya kwanza. Waliniweka mwisho wa mstari na wasichana. "Mwalimu, jembe halina wino!" "Mwachieni, anapigia mahindi mistari." Mmoja aliuliza kama ng'ambo kuna magugu, akajibiwa kwamba yako, ila yamevaa tai. Mikono ilinichubuka mpaka nikawa naandikia ubaoni kwa kushika chaki kama kijiko. Agosti nikarudi tena, safari hiyo kuchimba matuta. Hakuna aliyeniambia adhabu imekwisha. Siku moja tu, wakati wa uji, Mama Ndinda aliuliza mbele yangu zamu ya shamba la Susu iwekwe lini, nikajua.

Kuna jambo nililoliona katika mstari ule ambalo sikuliona katika chuo kikuu. Wale wanawake hupanga kazi ya mashamba kumi na tano bila karatasi. Wanaanzaje? Mama Ndinda huuliza kila mmoja, "Wewe wiki hii una nini?" Mmoja ana mtoto wa kupeleka kliniki, mwingine ana wageni wa mahari, mwingine mguu wake unamsumbua. Anasikiliza wote, ndipo wanataja siku. Mimi nilikuwa nimeanza na siku, nikawatafutia watu nafasi ndani yake. Kurasa zangu nne zilikuwa na saa za basi, chanjo na idadi ya mayai. Hazikuwa na mahali hata pamoja palipoandikwa kwamba nimemwuliza mtu jambo.

Mwaka jana ulikuwa na mtihani, na sikutaka kuugusa mwaka wako. Hivyo Desemba hii iliyopita, palizi ilipokwisha, nilikwenda kukaa na Susu mlangoni. Sikuwa na karatasi. Nikamwuliza kama angependa kwenda Moshi.

"Kufanya nini, na mguu huu?"

"Kuona."

Akachagua kunde kwa muda. "Nani atanishika mkono kwenye gari la moshi? Wewe utakuwa unasoma saa."

"Nani unamtaka?"

"Wajina wangu. Yeye ndiye aliyeniambia. Asipokuwapo yeye siendi."

Sasa turudi kwenye ile fomu ya Jinja. Kwa siku kumi niliiangalia kama adui. Nilijiambia kwamba msichana anayejua habari za nyonga ya susu yake asingehitaji kuambiwa achague. Nilikuwa nikitafuta maneno mazuri ya kukufanya ukatae mwenyewe, na nakuambia kwa haki kwamba niliyapata. Nina kipaji hicho. Nilimsomea Susu maneno hayo jana, nikitaraji asifu.

Alisema, "Mbona umemnyima Jinja?"

"Sijamnyima. Namweleza."

"Fomu inasema siku gani?"

Kavata, nilikuwa sijui. Nilikuwa nimeipinga ile karatasi siku tisa bila kuisoma tarehe. Niliichukua nikaisoma mbele yake. Ziara ya Jinja ni siku sita, wiki ya kwanza ya likizo. Likizo ina wiki nne.

Susu hakunicheka. Alisema tu, "Na yeye je? Ulimwuliza ana nini wiki zile nyingine?"

Sikuwa nimekuuliza. Mama yako nilimwuliza, Mama Ndinda nilimwuliza, akasema wiki yoyote ya Agosti baada ya mbaazi kuvunwa, na kwamba wao watatazama mbuzi na kuku na hawataki bahasha. Yule mwenyeji wetu wa Moshi nilimwandikia, naye amejibu kwamba nyumbani kwake hakuna ngazi, na kwamba atamwekea Susu kiti kando ya mfereji. Karibu na Voi nimepata mahali pa kulala ili mguu upumzike siku nzima. Wote niliwauliza, isipokuwa wewe, kwa sababu wewe ni mtoto wangu, na nilidhani mtoto huambiwa. Ndivyo nilivyodhani juu ya mama yangu pia, kwamba mzee huachiwa habari.

Basi nakuuliza. Fomu ya Jinja nimeitia sahihi, iko ndani ya Biblia yako pamoja na hela yake. Nenda, uone pale mto unapotoka ziwani, na ukirudi utusimulie, maana sisi hatujafika. Chini ya blanketi, sandukuni, nimeweka faili ya safari ya Moshi. Safari hii ni ukurasa mmoja. Majina ni sita, la kwanza ni la Susu. Mahali pa tarehe nimepaacha wazi. Utakapofika huko na kuona shule inakutaka wakati gani, kama kuna masomo ya ziada, kama kuna rafiki aliyekualika, kama umechoka na unataka siku tatu za kulala tu nyumbani kabla ya kwenda popote, jaza wiki unayoweza, uirudishe kwa posta. Ukiona Agosti yote haiwezekani, niandikie hivyo pia. Sitakujibu kwa yale maneno mazuri, nimekwisha kuyachana. Nitakachofanya ni kukaa na Susu na kumwuliza tena.

Jambo la mwisho. Jumanne iliyopita nilimpeleka Susu mjini kuomba hati ya kuvukia mpaka. Alikuwa amepigwa picha, ya kwanza katika maisha yake. Nakala moja nimekuwekea katika faili; amekunja uso kuliko mimi. Karani alikuwa kijana mpole, akijaza fomu kwa niaba yake. Alipofika kwenye mstari wa sababu ya safari, nilitaka kumsaidia nikasema, "Mapumziko."

"Sijachoka," Susu akasema. "Mwambie aandike, kuona maji."

Karani alitabasamu. "Maji gani, susu? Hapa kwetu huandikwa matembezi, au kutembelea jamaa."

"Huko sina jamaa. Alikwisha kufa. Andika maji."

Yule kijana akaandika "matembezi," kwa adabu, kama ambavyo mimi ningeandika. Susu hawezi kusoma. Alinigeukia akaniuliza, "Ameandika?"

Unanijua jinsi ninavyoheshimu fomu. Nilimwomba yule karani achukue karatasi nyingine aanze upya. Palikuwa na foleni nyuma yetu, na watu walilalamika, na mmoja aliuliza kama mwalimu amekuja kusahihisha serikali. Tulingoja. Sasa hati imetoka, na nakala ya fomu imepigwa muhuri. Mbele ya sababu ya safari imeandikwa: Kuona maji yanayopita mlangoni.

Susu ameniuliza leo asubuhi kama umekwisha kuchagua wiki. Nimemwambia hujaondoka bado, na kwamba barua kutoka huko huchukua siku nane. Amesema atangoja, ila nikuandikie kwamba asingependa kungoja sana, kwa kuwa mara ile, barua ilipotoka Moshi, yeye ndiye aliyechelewa kujibu.

Nenda salama, mama.

Baba yako.